Sheikh wa Vitabu vya Wattaya

Watu wakijua kwamba nilifanya kazi kwa Sheikh, huniuliza alikuwa mtu wa namna gani, na huuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kana kwamba wanauliza habari za maiti. Bado yu hai. Mimi jambo la kwanza linalonijia ni kichefuchefu. Si hasira, hasira ilinitoka zamani. Ni kile kitu kinachopanda kooni ukifungua friji ukakuta samaki amesahauliwa humo tangu wiki iliyopita. Nitajaribu kumweleza kwa haki, maana alikuwa na mazuri yake, na hayo mazuri ndiyo yanayonichefua zaidi.

Jina lake silitaji. Ofisini tulimwita Sheikh, si kwa elimu ya dini bali kwa ukubwa wa nyumba aliyotoka. Alikuwa mjumbe wa Majlis, bunge letu, mtu wa kukaa mstari wa mbele kwenye kila shughuli, na juu ya hayo yote alikuwa na shirika dogo la kuchapisha vitabu vya Kiswahili hapa Maskati, pamoja na jarida lililotoka kila mwezi alipokumbuka kulilipia karatasi. Mimi nilikuwa mhariri wake. Kazi hiyo niliifanya kuanzia nilipomaliza chuo mpaka mtoto wangu wa pili alipoanza skuli.

Ofisi ilikuwa Wattaya, juu ya duka la magari. Ukiketi mezani kwangu uliona chini magari mapya yamepangwa yaking'aa, na harufu ya matairi mapya ilipanda ngazi ikaingia kwetu. Sheikh hakuipenda. Kila asubuhi kabla hajafika, dereva wake alitangulia na chetezo, akazunguka vyumba vyote na udi mpaka tukakohoa. Kisha mwenyewe akaingia, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama, kilemba cha rangi ya zabibu, fimbo nyembamba mkononi ambayo wakati ule hakuihitaji. Wanaume walimsogelea kumsalimia. Aliwapa vidole vinne tu, vimelegea, na alipomaliza kuwapa wote alitoa kitambaa mfukoni akavifuta, kimoja kimoja, mbele yao, huku akiwauliza hali za wazee wao.

Alikuwa na pupa ya halua. Sahani haikukosekana mezani kwake. Alichota kwa vidole, akafumba macho, akatafuna polepole huku midomo ikitoa sauti, kisha akalamba kidole na kwa kidole hichohicho akafungua kurasa za muswada. Kazi zangu zilirudi zina alama za samli na zafarani pembeni. Mpaka leo mtu akinikaribisha halua nasema nina sukari. Sina.

Lakini lugha aliijua. Hilo siwezi kumnyima. Siku moja msomaji mmoja, mzee wa Sib, alipiga simu kulalamikia makala, na katika maneno yake akasema alikuwa amelaza kichwa mchagoni. Sheikh alimkatiza. "Umesema mchagoni?" Akamwomba arudie. Alipoweka simu akatueleza kwamba mchago ni upande wa kitanda unapoweka kichwa, kwamba marehemu mama yake alikuwa akilisema neno hilo kila akimlaza, na kwamba hakulisikia tangu alipofariki. Machozi yalimlengalenga. Alisema, "Neno likifa, wanangu, anakufa nalo kila aliyelitamka." Sote tuliinamisha vichwa. Nilikuwa kijana, na niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba nimepata kazi kwa mtu wa kufa naye.

Neno ambalo si la kwao alilifanyia mengine. Watu wetu sisi ni Waomani wa bara; babu alikuwa na duka Tabora, na Kiswahili tunachosema nyumbani ni cha huko. Katika kitabu cha mapishi niliandika nyanya. Akaniita chumbani kwake, mlango wazi, ofisi nzima ikisikia.

"Binti, hii nyanya umeitoa wapi?"

"Ya kwenye mchuzi, Sheikh."

"Nyanya kwetu ni mama yake mama. Unataka wasomaji wamkatekate bibi yao wamtie sufuriani?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nikaandika tungule. Nilidhani ni mzaha wa mtu mzima na mwanawe. Lakini mzaha huo haukwisha. Kiswahili chetu alikiita Kiswahili cha stesheni. Mgeni akija ofisini, Sheikh aliniita nije niseme sentensi mbili tatu ili mgeni asikie tofauti, kama mtu anayeonyesha kasuku. Siku moja alimwambia mgeni mbele yangu, kwa sauti ya ukarimu kabisa, "Hawa hawana makosa. Lugha waliiokota njiani, wakabebea mizigo." Mgeni aliona haya akatazama chini. Sheikh alinikabidhi sahani ya halua niipeleke jikoni.

Baba yangu alipofariki, Sheikh alikuwa mtu wa kwanza kufika kwetu Sib. Alivua viatu, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na majirani, akasoma juzuu yake, na waliokuja kutoa mkono wa pole aliwamiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, yeye, mjumbe wa Majlis. Alizungumza na mama nyuma ya pazia, kwa maneno laini ya Kiunguja ambayo hakuna aliyempa siku ile. "Bibi, aliyekwenda hakukuacha peke yako. Sie tupo." Mama anamuombea dua mpaka kesho. Ningependa hadithi hiyo niiachie hapo. Toleo la jarida lililofuata lilitoka na picha yake ukurasa mzima, birika mkononi, ndani ya msiba wetu, na nyuma yake kaka yangu amefunika uso analia. Alikuwa amekuja na mpigapicha. Maelezo ya chini ya picha yalisema, Mjumbe yuko karibu na watu wake. Nililisahihisha toleo lile lote isipokuwa ukurasa huo, kwa kuwa hawakuniletea.

Nyumbani kwake nilikwenda Idi moja, nimealikwa na mkewe. Katika ukumbi uliojaa makochi, mjukuu wake wa kike alikuwa anacheza peke yake. Nikamwambia, "Hujambo mama? Njoo niione nguo yako." Mtoto alinitazama, akakimbia. Nikadhani ni aibu ya watoto. Msichana wa kazi, mtu wa Tanga, aliinama kuniwekea kikombe na kuninong'oneza, "Hakuelewa, dada. Hapa ni Kiarabu na Kiingereza tu. Mimi nikiwasemesha Kiswahili nimeambiwa siku hiyohiyo napandishwa ndege."

Jumamosi nilimuuliza Sheikh. Nilimuuliza kwa unyenyekevu, nikijua nacheza na moto. Hakukasirika hata kidogo.

"Mie kazi yangu ni kuhifadhi," alisema. "Kuhifadhi si kusema. Ukenda makumbusho ukaona sahani ya wazee, huitii wali."

"Lakini tunaandika kila mwezi kwamba wazazi wazungumze na watoto wao."

"Tunawaandikia wazazi wanaosoma jarida," alisema, akacheka mpaka fizi zikaonekana.

Msimu wa uchaguzi ndio niliomwona kazini khasa. Watu wa Zanjibari na wa bara wako wengi Al Amerat siku hizi, kwa vile vijana wamepata viwanja na kujenga huko nyuma ya milima, na kura zao zinahesabika. Alikodi ukumbi wa harusi alasiri moja, akawaita wanawake. Mimi ndiye niliyewapigia simu. Alisimama mbele yao akazungumza Kiswahili kilichowalegeza. Aliwataja bibi zao, mapishi yao, nyimbo walizobembelezwa nazo. Alisema lugha hii ni damu yake, na kama kuna anayeionea haya basi amuonee haya na mama aliyemzaa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka masikio yakaniuma. Wengine walilia.

Siku iliyofuata alikuwa Sib kwenye majlisi, baraza ya wazee wa kabila waliotoka ndani ya Omani, watu ambao hawakuvuka bahari hata siku moja. Kaka yangu alikuwapo. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi bila ya kuingia.

"Kuna mzee alimuuliza," kaka aliniambia. "Alimwambia, wewe mtoto wa watu wakubwa, hiyo lugha ya Waafrika unaichapishia nini?"

"Akajibuje?"

"Alisema ni lugha ya watumishi wetu. Alisema, mtumishi akizeeka hafukuzwi nyumbani, hulishwa mpaka afe. Ndivyo ninavyoilisha. Wakacheka wote, wakamsifu kwa huruma yake." Kaka aliziangalia ndala zake. "Mimi niliona haya kwa niaba yake. Yeye hakuona."

Alishinda. Tulimpikia biriani ofisini.

Mtaniuliza kwa nini nilibaki. Kazi ya Kiswahili Maskati haipo nyingine, na nilikuwa na kitabu mkononi nilichokipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya. Kitabu chenyewe kilikuwa cha kumbukumbu za wazee, walivyoishi Unguja na walivyotoka. Sheikh ndiye aliyekitaka, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwasikiliza. Katika wote niliowasikiliza, aliyenishika moyo alikuwa Bi Zuwena wa Al Amerat.

Bi Zuwena ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Anaishi na mjukuu wake Rahma, mwalimu wa skuli. Mchana kutwa anatafuna karafuu na kugombana na wapishi wa kwenye televisheni. "Utaunguza, wewe! Utaunguza! Mwone, kaunguza." Nilikwenda kwake mara nyingi kabla hajanieleza alichonieleza. Alikuwa akinipa chai, ananieleza harusi, ananieleza mitaa, halafu ananiambia, "Leo basi. Njoo siku nyengine." Siku aliyoamua, aliizima televisheni mwenyewe.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne siku za mapinduzi. Baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya baba yake Sheikh, na kwa kabila walikuwa wamoja. Baba yao alikuwa shamba, habari zake hazikujulikana. Mama yao akawachukua watoto watatu, Zuwena, mdogo wake wa kike na Seif, mvulana wa miaka sita, akawakimbiza mjini mpaka kwenye nyumba kubwa ya bwana wao. Ilikuwa adhuhuri. Wakabisha.

"Mlango ule nnaujua, nilikuwa nikipelekwa Idi kutoa salamu," alisema Bi Zuwena. "Tukabisha. Mama akasema jina la baba. Tukasikia watu ndani. Kisha tukasikia komeo. Nilidhani linafunguliwa. Kumbe linasukumwa likae vyema. Bwana mwenyewe akatokea dirisha la juu. Akasema, nendeni, mkisimama hapo mtatuponza. Mama akamwonesha Seif, akamnyanyua hivi juu, kama mtu anauza kitu. Akasema, basi huyu tu. Dirisha likafungwa."

Walirudi walikotoka. Njiani ndipo Seif alipopigwa risasi. Hakuifikia jioni.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akanipa kitambaa. Halafu akasema, "Sitaki kumlaani mtu. Yule bwana kashakufa, kashakutana na Mola wake. Ila nnataka liandikwe hivyo hivyo. Seif hana kaburi nnalolijua. Nnataka awe na pahala."

Nikaandika. Nilimsomea ukurasa baada ya ukurasa, akawa anasahihisha hapa na pale. Jina la bwana hatukulitia. Tuliandika tajiri mmoja wa mjini. Nikapeleka kazi kwa Sheikh. Nilijua kwamba ataelewa ni nani, na nilitazamia aniite, tugombane, labda alikate simulizi lote. Hakuniita. Muswada ulirudi baada ya wiki mbili, na alama za zafarani zikiwa zimejaa kwenye sura ya Bi Zuwena, maana aliisoma sana.

Alikuwa ameiandika upya kwa mkono wake, kwa Kiswahili kizuri ajabu. Mlango ulifunguliwa. Tajiri akapewa jina, na jina ni la baba yake Sheikh. Aliteremka ngazi yeye mwenyewe, bila viatu, akawakumbatia watoto. Waliletewa maziwa na tende. Seif alikuwa na homa tangu nyumbani. Akalazwa kwenye kitanda cha bwana, juu ya shuka za hariri, bwana akikaa mchagoni kwake akimpepea mpaka alfajiri alipotulia. Mama yao akabusu mkono wa bwana.

Nilikwenda chooni nikatapika. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikanawa uso nikaingia chumbani kwake.

"Sheikh, hii si hadithi ya Bi Zuwena."

"Ni yake. Nimemsahihishia."

"Mlango haukufunguliwa."

Aliendelea kutafuna. "Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Mie nilikuwemo ndani," alisema. "Nilikuwa mtoto, nimekaa kwenye ngazi. Kwa hiyo usinifundishe."

Nilisubiri. Nilidhani sasa kuna kitu kitatoka kwa mtu huyu, hata kiwe kidogo. Nilimuuliza, "Basi ulisikia walivyobisha?"

"Nilisikia."

"Na unaandika kwamba walifunguliwa?"

Alifuta vidole, kimoja kimoja. "Binti, vitabu havikuwekwa ili watu wajue yaliyokuwa. Yaliyokuwa kila mtu anayo kwao. Vitabu ni vya kueleza ilivyopasa iwe. Huyu bibi nimempa ndugu aliyekufa kitandani, kwa heshima. Kuna nini zaidi anachotaka?"

Nilimwambia sitakipeleka kitabu hicho kiwandani kuchapwa. Alisema hakuna ubaya, atapeleka mwengine, na akaniuliza kama nimemaliza ule ukurasa wa vitendawili.

Kitabu kilitoka. Shughuli ya kukizindua ilifanywa kwenye ukumbi wa hoteli, wageni wengi, mabalozi, watu wa magazeti. Nilimpigia simu Rahma kabla ya siku hiyo nikamweleza yote, nikamwambia amsomee bibi yake sura ile kitabuni, na wasije. Rahma alimsomea. Bi Zuwena akasema watakuja. Alivaa baibui jipya na alikaa mstari wa pili, karafuu mdomoni.

Sheikh alisoma sura ile kwa sauti. Alisoma vizuri, alipofika kwenye shuka za hariri sauti ilimtetemeka, na naamini haikuwa ya kuigiza. Watu walifuta macho. Halafu akasema kwamba mmoja wa watoto wale yuko hapa nasi, akamwita Bi Zuwena apande apewe zawadi, saa ya mezani iliyowekwa kwenye kisanduku cha mahameli. Bi Zuwena alipanda, ameshikwa mkono na Rahma. Zawadi hakuipokea. Alisogea kwenye kipaza sauti, na kwa sauti yake ile hakuwa na haja nacho.

"Mie ndiye Zuwena. Mlango haukufunguliwa. Ndugu yangu Seif hakufa kwa homa, na hakufia kitandani kwa mtu. Kapigwa risasi barabarani, na mama kambeba. Huyu bwana alikuwemo ndani. Muulizeni."

Nilimtazama Sheikh, na nitasema nilichokiona, maana watu huniambia labda alishtuka. Hakushtuka. Alitabasamu. Alimwekea mkono begani, yule ambaye hagusi mtu bila ya kitambaa, akachukua kipaza sauti na kusema kwa upole, "Mama zetu hawa wameona mengi. Umri umekuwa mkubwa, na siku zile zimewachanganya. Tuwaombee." Akapiga makofi yeye wa kwanza. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walimpigia makofi Bi Zuwena kama anavyopigiwa mtoto aliyesahau shairi jukwaani. Rahma alimteremsha ngazi, na watu waliokuwa karibu na njia wakampa pole, wakimwambia akapumzike, akanywe maji.

Nilitoka nao. Jumamosi sikwenda Wattaya, wala siku nyingine yoyote.

Mimi na Rahma tulifanya tulichoweza. Tulimrekodi Bi Zuwena akisimulia mwenyewe tangu mwanzo, tukairusha kwenye simu za watu, kundi hadi kundi, mpaka ikarudi kwetu kutoka Dubai na London. Wengi walimpigia kumshukuru, na baadhi yao walikuwa na milango yao wanayoikumbuka. Wengine walimtukana, walimwambia amefukua makaburi. Yeye alizisikiliza simu zote, matusi na shukrani, na kila mtu alimjibu, "Haya, ahsante, nimesikia." Sheikh hakusema neno. Kitabu kimo madukani, na mwaka huo alipewa tuzo.

Mwaka huu nilimpeleka mama kituo cha afya cha Sib kuchukua dawa za presha. Palikuwa na mahujaji wanaongojea chanjo, na katikati yao, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa Sheikh. Amekonda. Ile fimbo sasa anaiegemea. Mama alimwona kabla yangu, akaenda mbio kumsalimia, akamwombea hija njema, akamwambia hajasahau alivyomfanyia. Sheikh aliitikia kwa maneno yake yaleyale laini. Mama alipoitwa dirisha la dawa, nilibaki naye.

"Binti," alisema, "mie nnakwenda Makka. Kama nimekukosea kwa lolote, nisamehe."

Alilisema kama wanavyolisema wote wanaokwenda hija, bila ya kunitazama. Alikuwa anaangalia namba ubaoni. Nilimwambia kwangu mimi hakuna kitu. Nikamwambia Bi Zuwena ndiye wa kuombwa.

Aliguna. "Yupo bado?"

"Yupo. Al Amerat, nyumba ileile. Nina gari hapo nje. Ukitoka kuchomwa sindano nakupeleka, na nakurudisha."

"Al Amerat mbali."

"Unakwenda Makka, Sheikh."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, na moyo wangu, nasema kweli, ulimlainikia kidogo. Halafu akasema, "Mpigie simu. Kwa simu yatosha."

Nikapiga. Rahma akampa bibi yake. Nilimwambia ni nani niliye naye na anataka nini, kisha nikampa Sheikh simu. Aliishika mbali na sikio, na kwa sauti ile ya Bi Zuwena nilisikia kila neno.

"Bi Zuwena," Sheikh alisema, "mie nnakwenda hija. Nnataka radhi."

"Radhi hazipokewi kwenye simu," Bi Zuwena alisema. Hakuwa na ukali. "Njoo. Mie nipo, siendi pahala. Nitasamehe, Wallahi, ukija nitasamehe. Njoo tu uniambie kwa mdomo wako ulichokisikia siku ile."

Sheikh aliitazama simu. Midomo ilimcheza. Nilisogea, nikijua kwamba nikimgusa kidogo tu anaanguka upande huu au ule. Akanirudishia simu. Alitoa kitambaa akafuta sikio, akafuta mkono.

"Kizee kina kiburi," aliniambia. "Mie nimeomba. Mbele ya Mungu mie nimeomba, na wewe shahidi yangu."

Muuguzi akaita namba yake. Alinyanyuka, akajipangusa kanzu, akaingia, na mahujaji wawili wakampisha njia kwa heshima.

Simu ilikuwa bado hewani. Bi Zuwena alikuwa akimwambia Rahma abandike kahawa na atoe vile vikombe vya wageni, na afungue geti ili gari ipite. Kisha akaniuliza, "Mko wapi? Mmeshatoka?"

Nikamwambia, "Haji, Bi Zuwena."

Bi Zuwena akamwambia Rahma azime jiko.